Uaminifu kwa chama upimwe kwa kura za Georgia

Mhariri,

Wanaochambua siasa za Marekani hupenda kupima uaminifu kwa chama kwa umati wa mikutanoni. Mimi nasema tazameni vituo vya kura, hasa vya jimbo la Georgia.

Novemba 2020 Donald Trump wa Republican alishindwa huko kwenye uchaguzi wa rais kwa kura 11,779. Zilihesabiwa upya kwa mkono, kisha kwa mashine, mshindi akabaki yule yule, Joe Biden wa Democratic. Siku hiyo hiyo Seneta David Perdue wa Republican alimtangulia Jon Ossoff wa Democratic kwa kura zipatazo 88,000, ila akakwama kwenye asilimia 49.7. Sheria ya jimbo hilo inadai zaidi ya nusu, hivyo wakarudiana Januari 5, 2021.

Kati ya chaguzi hizo mbili, wafuasi wa Republican walihubiriwa kila siku kwamba kura zao zinaibwa. Mtu akishaamini hivyo, apange foleni ya nini? Wengi walibaki nyumbani. Perdue akaanguka kwa kura zipatazo 55,000, na chama chake kikapoteza viti vyote viwili vya useneta vya Georgia vilivyogombewa siku hiyo, na udhibiti wa Seneti.

Mwaka 2022 Gavana Brian Kemp wa Republican, aliyekataa kubatilisha matokeo ya urais ya 2020, alimbwaga Perdue huyo huyo kwenye kura za mchujo za chama hicho za kuwania ugavana, akipata zaidi ya asilimia 70 ya kura. Novemba akachaguliwa tena. Lakini Herschel Walker, chaguo la Trump kwa useneta, alipata kura pungufu ya Kemp kwa takriban 200,000, tena kwenye karatasi ile ile ya kura.

Msomaji wenu,
Tanga