Saruji isiguse kuta za ufukwe wa Bagamoyo

Ndugu Mhariri,

Kila linapokuja suala la kuipendezesha pwani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kinachotajwa kwanza ni pevingi, vigae na lipu mpya ya saruji. Sisi mafundi wa mawe na chokaa tunaomba jambo moja: saruji isiguse kuta za zamani.

Uzuri wa ufukwe huu umetokana na bahari kuwa na kina kifupi. Majahazi huingia maji yakijaa, na yakipwa hulala mchangani, mizigo ikateremshwa mabegani. Meli kubwa hazikuweza kukaribia, na hiyo ni sababu mojawapo ya Wajerumani kuhamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891. Forodha ilijengwa baada ya hapo, mwaka 1895, na Boma, jengo la utawala wa Wajerumani, mwaka 1897, lakini mji haukupata gati kubwa wala majengo marefu ya bandari. Ndiyo maana hadi leo mtu huinuka barazani kwenye nyumba ya mawe, akashuka hadi kwenye jahazi linalozibwa nyufa kwa kalafati, bila kukutana na geti la bandari njiani. Miji michache ya pwani yetu bado ina neema hiyo.

Nyumba hizo zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko. Tumbawe lina vitundu. Hunywa maji ya ardhini yenye chumvi, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu ya chokaa. Saruji huyazuia. Yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi ukutani, na chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Ukigonga hapo unasikia mlio wa kitu kitupu. Ukibandua, jiwe linamomonyoka kama unga. Hatari kubwa iko kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Zikilowa kwa muda mrefu huoza, mchwa huingia, na sakafu inaweza kuporomoka wakati nje rangi bado inang'aa.

Kazi ifanywe kiangazi, masika yakishapita. Saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ya mkono, kwa sababu mashine hupasua mawe. Ukuta usuguliwe kwa brashi kavu kwanza ili chumvi ianguke, ndipo uoshwe kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi na kuachwa ukauke. Mashimo yajazwe vipande vya tumbawe, si lipu nene.

Chokaa iliyochomwa izimwe, yaani itiwe maji, na kufunikwa walau wiki tatu. Ikikaa miezi mitatu ni bora zaidi. Isiyoiva hufura ikiwa tayari ukutani na kuacha vishimo. Changanya kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni ni wa bure na uko mlangoni, lakini unarudisha chumvi ile ile ukutani. Lowesha ukuta, piga lipu isiyozidi sentimita moja kwa kila mkono, yaani kila tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Chokaa hukomaa kwa kufyonza kaboni dioksidi ya hewani pole pole. Jua likiikausha haraka hupasuka na kupukutika. Umalizie kwa chokaa nyepesi, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki haifai, maana huziba kama saruji.

Sasa hiyo pevingi. Njia ya kutembelea kandokando ya bahari tunaitaka, hasa jioni familia zinapotoka kupunga upepo. Ila ikifika hadi kwenye msingi wa nyumba, unyevu wa ardhini hukosa njia nyingine na kupandia ukutani. Kati ya pevingi na ukuta iachwe nafasi ya nusu mita yenye kokoto, na njia iinamie baharini. Mapaa ya mabati nayo yawekewe mifereji, kwani maji ya paa yanayodondokea mguuni mwa ukuta huuharibu mapema kuliko mawimbi. Baraza za mawe zisibandikwe vigae.

Majengo yanayolindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yana wasimamizi wake. Nyumba za watu binafsi hukarabatiwa na fundi yeyote aliye karibu, na huko ndiko mifuko mingi ya saruji inakoishia. Tunaiomba halmashauri iyaweke masharti haya kwenye vibali vya ukarabati na kwenye zabuni yoyote ya ufukwe kabla haijatangazwa.

Mafundi wa mawe na chokaa,
Bagamoyo