Barua ya wazi kwa Injinia Hersi: Folz alifungwa goli moja tu

Kwako Rais wa Young Africans, Injinia Hersi Said,

Salaam za Jangwani, makao ya klabu yetu. Nakuandikia kuhusu Romain Folz, kocha mliyemfukuza. Najua utaambiwa huyo ameshakwenda zake, barua ya nini tena. Mimi namna alivyokwenda bado inanikaa kooni.

Mlimtangaza Julai 2025. Septemba 16 akampiga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, goli la Pacome. Kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika Wiliete akala tatu kwao Angola na mbili hapa Dar, na kwenye ligi yetu Pamba Jiji naye tatu. Mbeya City wakatubana suluhu kule Sokoine na kelele zikaanza. Oktoba 18, tukirudi Ligi ya Mabingwa, Silver Strikers wakatufunga 1-0 Lilongwe, na siku hiyohiyo kibarua kikaota nyasi. Timu akakabidhiwa msaidizi wake, Patrick Mabedi, mwana wa Malawi hukohuko tulikofungwa. Mechi sita za mashindano, goli moja tu nyavuni kwetu. Na mchezo wa marudiano ulikuwa bado, tena tukaushinda 2-0.

Sije nikaeleweka vibaya, mpira wa Folz ulikuwa unachosha. Sisi tulishazoea "gusa achia twende kwao" ya Ramovic, mmoja wa makocha waliomtangulia, halafu tunakaa Uwanja wa Mkapa kutazama pasi ya beki kwa beki, beki kwa kipa, kipa kwa beki, mpaka jirani yako anatoa simu aangalie matokeo ya Ulaya. Simtetei. Ila hakujileta mwenyewe na begi lake Jangwani. Kuna mtu aliyeangalia wasifu wake, akaangalia timu zake zinavyocheza, akasema huyu anatufaa. Huyo mtu ndiye ninayemuulizia.

Maana Folz si wa kwanza. Novemba 2024 mlimwondoa Gamondi, aliyetupa ubingwa msimu uliotangulia, kwa sababu alifungwa na Azam kisha Tabora United. Akaja Ramovic, Februari akaaga mwenyewe kwenda CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Hamdi, akafunga msimu na kombe la ligi mkononi, naye akaondoka. Kisha Folz, kisha Pedro Gonçalves. Makocha watano chini ya mwaka mmoja, na Mabedi sijamhesabu. Wachezaji ni walewale, kila mmoja akija anawafundisha upya pa kusimama kona ikipigwa.

Gamondi nilimwona tena kwenye AFCON ya Morocco, safari hii benchi la Taifa Stars, akiivusha nchi hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Nilishangilia, lakini roho iliniuma kidogo, sikufichi.

Injinia, wewe si mgeni wa uvumilivu, ndiyo maana nakuandikia. Novemba 2022, miezi michache tu baada ya kukuchagua, Ihefu walitufunga 2-1 kule Mbarali wakakata mechi 49 za ligi bila kupoteza. Mtaani hatukupata pa kuficha nyuso. Wapo waliotaka kichwa cha Nabi, kocha wetu wa wakati huo, wiki ileile. Hamkumgusa. Kufika Juni 2023 tulikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, tukamfunga USM Alger kwao kwao, kombe likatuponyoka kwa kanuni ya goli la ugenini tu, ile ya kwamba jumla ya mechi mbili ikiwa sawa anashinda aliyefunga mengi ugenini. Kwa hiyo uongozi wako unajua kumsubiri kocha. Nini kimebadilika?

Hapo ndipo tunapobaki gizani. Taarifa ya kuachana na kocha huwa mistari michache: tunamshukuru, tunamtakia kila la heri. Baada ya hapo kila kijiwe kina tafsiri yake. Huyu anasema kocha alivutana na uongozi juu ya usajili, yule anasema alipangiwa kikosi, mwingine anaapa kabisa kwamba shida ilikuwa chumba cha kubadilishia nguo. Yote yanaweza kuwa uongo. Lakini uongozi ukinyamaza, mwanachama ataamini lile lililosemwa kwa sauti kubwa zaidi. Na kuvunja mkataba ni pesa, pesa ya klabu yenye wanachama.

Wewe leo ni mwenyekiti wa Chama cha Vilabu Afrika. Marais wa vilabu vingine wanatazama Jangwani inavyoendeshwa. Sikuombi usimfukuze kocha. Kuna siku italazimu. Ninaloomba ni kwamba kwenye mkutano mkuu ujao tuambiwe nani anakaa kwenye meza ya kumchagua kocha, Folz aliandikiwa lengo gani kwenye mkataba, na ni lengo lipi alilokuwa ameshalikosa kufikia Oktoba 18. Kama lengo lilikuwa kucheza vizuri, sema tu. Tutaelewa, sisi tulikuwa uwanjani.

Ada yangu nimelipa. Nitakuja, nitanyoosha mkono.

Mwanachama wako,
Dar es Salaam