Risala ya Wanafunzi Wachoraji kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, na wazee wetu mliokubali kukaa tukakuchoreni: Assalamu alaykum.

Kwa niaba ya wenzangu nakukaribisha skulini kwetu, hapa Mji Mkongwe.

Mheshimiwa, madukani mwa mji huu picha za watu ni tele, na nyingi zinafanana: Mmasai mwembamba, mwanamke na ndoo kichwani, nyuso hazina macho. Wanaozichora wanatafuta riziki, hatuwalaumu. Sisi tunamchora mtu aliyekaa mbele yetu, anayepumua na kuchoka. Picha za simu hatuzitumii. Kivuli cha chini ya kofia, simu hukifanya cheusi kitupu. Anayetazama kwa macho yake huona humo buluu ya anga na wekundu wa sakafu.

Tunaanza na michoro ya dakika moja moja kwa mkaa, tukishika mwelekeo wa mgongo tu. Kisha tunanyoosha mkono, tunafumba jicho moja na kupima kwa penseli. Mtu mzima aliyesimama hukaribia urefu wa vichwa saba na nusu, lakini mzee aliyeinama hafuati hesabu hiyo, basi tunampima yeye mwenyewe. Kanzu nayo ni mtihani. Huuficha mwili, ila mkunjo mmoja huanzia gotini, mwengine kwenye kiwiko. Asiyejua goti lilipo huchora nguo iliyoanikwa.

Ngozi ndiyo iliyotushughulisha zaidi. Hakuna kahawia ya dukani inayotosha. Tunachanganya manjano ya udongo, nyekundu na buluu, na bado mkono ule ule hubadilika ukisogea karibu na ukuta wa chokaa.

Vitabu vya Ulaya humtaka mchoraji atumie dirisha la kaskazini, kwa kuwa huko jua kali haliingii upande huo. Unguja iko nyuzi 6 kusini mwa Ikweta: tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri liko kaskazini. Kwa hiyo tunafuata kivuli, asubuhi barazani, jioni uani, na kikihama tunaacha hadi siku nyengine, saa ile ile.

Hatumchori mtu bila ridhaa yake. Tunapiga hodi, tunaeleza. Akikataa, tunashukuru na kuondoka. Akikubali, hukaa na nguo zake za heshima, na asiyetaka uso wake uchorwe tunachora mikono. Mikono ya mama mmoja mkulima wa mwani imetufunza viungo vya vidole kuliko kitabu chochote.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza ni rangi za mafuta, maana akriliki tulizonazo, kwa joto letu hili, hukauka kabla hatujalainisha ukingo wa kivuli. La pili ni posho kwa wazee wanaotukalia. Wanaacha shughuli zao, na mpaka leo tumewalipa kwa chai na shukrani tu.

Picha zimetundikwa ukumbini, na waliochorwa wamekaa safu ya mbele. Tunakuomba uzitazame pamoja nao.

Naomba kuwasilisha. Ahsante.