Risala ya vijana maseremala wa Keko kwa mgeni rasmi, siku ya kuwaaga wanagenzi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa mtaa, mafundi wetu wakongwe, wazazi na wanagenzi mnaomaliza leo, asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi.

Kwanza karibu sana na pole na foleni, barabara ya Chang'ombe tunaijua. Sisi ni kikundi cha vijana maseremala tunaofanyia kazi hapahapa Keko, na leo hatujakuita uangalie makabati na vitanda maana hivyo umevipita njia nzima ukija, tumekuita uone vile vidude vidogo pale mezani. Zile ni geji za kuchorea mistari sambamba na ukingo, skwea za kukagulia pembe mraba, beveli za kuchukulia pembe za mshazari, na visu vya kuchorea mistari, vyote vimetengenezwa kwa mkono na hawa wanaomaliza leo, hakuna hata kimoja cha dukani.

Mheshimiwa, watu wengi wanadhani ufundi ni kukata na kupiga randa. Kitanda kinaharibikia kwenye kupima, msumeno bado haujagusa mbao. Penseli ikiwa butu mstari wake unakuwa mnene kama milimita nzima, sasa huyu anakata ndani ya mstari yule anakata nje, alafu tunashangaa kwa nini ulimi wa ubao mmoja unacheza kwenye tundu la mwenzake, ndo hapo fundi anaanza kujazia gundi na unga wa mbao na mteja akifika kwake kitanda kinalia. Mstari wa kisu ni tofauti, ule unakata nyuzi za mbao kabisa na kuacha kamfereji, ukiweka patasi inakaa hapohapo yenyewe.

Geji nayo wala haina maajabu. Ni fimbo nyembamba inapita kwenye kichwa cha mbao, inakazwa na kabari, mwisho wa fimbo kuna ncha, basi unaburuza kichwa kwenye ukingo wa ubao na mstari unatoka sambamba na ukingo mwanzo mpaka mwisho, hata ubao uwe na urefu wa kitanda. Ncha wengine wamenoa msumari wa inchi mbili kwa tupa, wengine wametumia kipande cha blade ya msumeno wa chuma, na mimi nasema hawa wa blade wamewazidi wenzao maana ukichora kukatiza nyuzi msumari unachana, blade inakata. Vichwa ni mpingo, vipande vilivyobaki kwa wachonga vinyago wa Mwenge, na mpingo ndugu zangu ni mzito mpaka ukiutupa kwenye maji unazama, kwa hiyo usugue kwenye mbao utakavyo, kulika kwake ni kwa taabu sana. Fimbo tumetumia mninga mkavu kwa sababu mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana kama mbao zingine.

Skwea ndo imetutoa jasho. Kuikagua ni rahisi, unachora mstari kwenye ubao ulionyooka ukingo, unaigeuza upande wa pili unachora tena palepale, kama imepinda mistari inaachana, na mwachano unaouona ni mara mbili ya kosa lenyewe, haliwezi kujificha. Tulijaribu hivo skwea mpya za dukani, zingine bado ziko kwenye plastiki, hazikupita. Ya mbao ikikataa unairudisha kwenye randa unaiparua kidogo mpaka ikubali, ya bati utaifanya nini?

Na kwa kuwa mafundi wapo hapa niseme hili pia, ile ndoano ya mwanzo wa tepu ya kupimia inacheza kwa makusudi, inasogea sawasawa na unene wake ili ukipima ndani au nje upate kipimo kilekile. Acheni kuigongea misumari jamani!

Changamoto zipo. Mbao zinakuja mbichi, unapima leo inchi nne kesho upana umesinyaa, na hatuna banda la kuzianikia, zinalala nje na mvua. Alafu kuna vijana wanaona geji ni kitu cha kizamani, wanataka mashine. Mashine sisi hatuikatai, ila mstari ukiwa mbovu mashine itakukatia vibaya kwa haraka zaidi.

Kwa hiyo mheshimiwa maombi yetu ni ya kawaida tu, hatuombi mashine. Tunaomba skwea moja ya chuma ya uhakika na rula ya chuma ya mita moja iliyonyooka kweli, zikae kwenye kabati, zisifanyiwe kazi yoyote zaidi ya kukagulia zingine. Tunaomba na mabati ya banda la mbao. Na utusemee huko kwenye vyuo vya ufundi, wanapoagiza geji na skwea za wanafunzi waje kwanza waone hizi za Keko, wazikague wenyewe kwa hiyo njia ya mistari miwili, zikifeli wasinunue.

Mwisho tuna zawadi yako, geji ya mpingo na mninga. Ncha tumeifunika na kizibo, tafadhali usiitoe ukiwa ndani ya gari.

Tunaomba kuwasilisha.