Majibu yangu ya maabara yasisomwe steshenari

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niwafikie wakubwa wa hospitali zetu pamoja na vijana wanaowatengenezea tovuti. Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Morogoro, na sioni. Presha ya macho ilinipata nikiwa tayari kazini, nikajifunza nukta nundu ukubwani. Leo simu na kompyuta vinanisomea kwa sauti karibu kila kitu: habari, ujumbe wa wazazi, mpaka matokeo ya mitihani ya wanafunzi wangu. Pesa natuma mwenyewe kwa simu, umeme nanunua mwenyewe. Kinachonishinda ni tovuti ya hospitali ninayotibiwa.

Mwaka huu daktari aliniandikia kipimo cha PSA, kile cha damu kinachohusu tezi dume. Wanaume wa rika langu wanaujua uzito wake, na wanajua pia kwamba si habari ya kijiweni. Zamani ulikuwa unapewa majibu na daktari, ana kwa ana, mlango umefungwa. Siku hizi maabara inayaweka kwenye akaunti yako ya mgonjwa na ujumbe unaingia kwenye simu kwamba yako tayari. Nikafungua. Simu ikanisomea jina langu, ikanisomea tarehe, ikasema "picha", kisha ikanyamaza. Karatasi ya maabara ilikuwa imepigwa picha na kupachikwa hivyo hivyo. Mwenye macho anaisoma bila shida. Programu inayosoma maandishi haikukuta hata herufi moja.

Mke wangu alikuwa safarini, kwa hiyo nikaenda steshenari ya jirani. Kijana wa pale niliwahi kumfundisha. Ana adabu zake, akaniamkia na kunipa kiti. Kisha akanisomea majibu kwa sauti ya dalali mnadani, maana watu wengi wakizungumza na asiyeona hudhani na masikio nayo yamekwenda. Waliokuja kutoa kopi wakazisikia namba, wakalisikia na neno tezi dume. Jioni mwalimu mwenzangu akanipigia kunipa pole. Majibu yenyewe yalikuwa mazuri, namshukuru Mungu, lakini hata hilo mtaa ulilijua kabla ya mke wangu.

Simlaumu yule kijana, nilimwomba mwenyewe. Nawauliza waliojenga mfumo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hospitali inaona imeitii kwa sababu akaunti yangu ina nywila. Sasa nywila ambayo nimelazimika kumtajia mtoa kopi inalinda nini? Na mimi ni mwalimu mwenye familia na mshahara. Mfikirieni binti asiyeona anayesubiri majibu ya Virusi vya Ukimwi au ya ujauzito, anayetakiwa kumpa simu kaka yake ayasome.

Kuomba miadi nako kuna vituko vyake. Ukurasa wa kliniki hauna majina ya idara, una michoro: jino, jicho, moyo, mama mjamzito. Wenye macho wananiambia inapendeza. Mimi nasikia "kitufe", "kitufe", "kitufe" mpaka chini, hakuna hata kimoja chenye jina, na nikibahatisha vibaya nitajiandikisha kwa wakunga. Kalenda ya kuchagua siku haikubali kibodi, inataka kipanya, na kipanya kwangu hakina kazi. Ukikosea kujaza, kisanduku kinageuka chekundu tu bila maneno. Halafu kabla hujamaliza kuvipapasa visanduku kimoja kimoja, mfumo unakutoa nje kwa madai kwamba umekaa muda mrefu bila kufanya kitu!

Kuna kasoro moja ambayo mafundi wakiisikia wataona aibu, kwa udogo wake. Kila ukurasa wa tovuti, kule nyuma kwenye msimbo, hutamka uko kwa lugha gani, kwa herufi mbili: "sw" kwa Kiswahili, "en" kwa Kiingereza. Tovuti hii imeandikwa Kiswahili kizuri kabisa lakini imejitambulisha kuwa ya Kiingereza. Kompyuta inaamini inachoambiwa, basi inanisomea "chagua tarehe ya kumwona daktari" kwa matamshi ya Mwingereza aliyeshuka uwanja wa ndege jana. Nimewasikilizisha wanafunzi wangu, wakacheka mpaka darasa la jirani likalalamika. Kuzibadilisha herufi hizo hakuhitaji zabuni.

Sisemi haya kwa ajili ya wasioona peke yao. Mwenzangu mmoja wa shuleni ana ualbino. Yeye anaona, ila kwa shida, na maandishi ya kijivu juu ya weupe yanampotea. Akiukuza ukurasa, nusu ya fomu inatoka nje ya kioo. Upo mwongozo wa kimataifa wa kujenga tovuti ambazo hata wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, WCAG, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 na la karibuni, 2.2, mwaka 2023. Kwa maandishi ya kawaida unataka mwangaza wa herufi na wa mandhari utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na kipimo hicho kinapigwa na kompyuta kwa sekunde. Viziwi nao wana yao. Hospitali hii inathibitisha miadi kwa kumpigia mgonjwa simu tu. Kiziwi asipopokea, nafasi yake anapewa mwingine. Video ya muuguzi anayeeleza namna ya kujiandaa kwa utrasaundi haina maandishi chini wala mkalimani wa lugha ya alama.

Nilipolalamika, afisa wa Tehama alinipokea vizuri na kunisikiliza. Kisha akasema, "Lakini mwalimu, si uje na mtu wa kukusaidia?" Nilimjibu kwamba nikija na mtu, yeye ndiye atakayekuwa mgonjwa, mimi nitakuwa mzigo aliousindikiza. Akaniuliza pia ni wasioona wangapi wanaoitumia tovuti yao. Kwa hali ilivyo, nadhani hakuna, na takwimu zake zitaendelea kumwonyesha hivyo.

Kinachouma zaidi ni kwamba dirisha la zamani limefungwa. Pale mapokezi palikuwa na mama mmoja, ukimtajia namba ya faili anakuandikia siku na kukukumbusha usile asubuhi. Sasa pana tangazo kwamba miadi ni mtandaoni tu, na aliyekuja bila miadi anasubiri waliokuwa nayo waishe. Kwa hiyo asiyeona, anayeamka mapema kuliko wote kutafuta bodaboda inayomjua, ndiye wa mwisho kuingia kwa daktari. Tehama ilikuja kupunguza foleni, nami nakubali imezipunguza. Ila waliobaki kwenye benchi wanafanana.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 inaitaja intaneti kwa jina, na ya 25 ni ya afya. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ahadi tunazo za kutosha. Ninachoomba ni kitu cha kwenye mkataba wa fundi: asilipwe malipo ya mwisho mpaka wagonjwa wenye ulemavu wameutumia mfumo wakaomba miadi, wakalipia na kusoma majibu yao wenyewe, bila mtu kuwashikia simu. Watu hao hawatafutwi kwa tochi. Chama cha Wasioona kipo, cha Viziwi, CHAVITA, kipo, na shirikisho lao, SHIVYAWATA, lipo. Kwa hospitali za umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao ina sheria ya mwaka 2019 mkononi, inaweza kuliweka sharti hilo kesho. Za binafsi na za madhehebu zisisubiri kulazimishwa.

Hadi hapo, dirisha la mapokezi lifunguliwe tena, na namba ya miadi ipokee simu na ujumbe mfupi pia.

Fundi anayetaka kujua hali ilivyo asingoje semina. Apakue NVDA, programu ya kusoma kompyuta iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona. Ni ya bure. Avae spika za masikioni, azime kioo, auweke kipanya pembeni, kisha ajiombee miadi ya kliniki ya meno kwenye tovuti aliyoijenga mwenyewe. Mkuu wake wa idara akae karibu naye aone.

Nami nitakuwa hospitalini hapo mwezi ujao kwa kliniki ya macho. Nikishaonana na daktari nitakuwa na nafasi mchana wote, na kompyuta yangu nitakuja nayo. Afisa yule anajua pa kunipata: benchi la waliokuja bila miadi.

Mwalimu wa sekondari,
Kihonda, Morogoro.
(Jina langu mhariri unalo.)