Barua kutoka Tasmania: anayetafutwa ni mnyama aliyekwisha

Hobart, Tasmania

Kwa Baba na Mama, na wote hapo Shinyalu,

Salamu nyingi. Huku kisiwani, kusini mwa Australia, tu wazima, ila baridi kali. Mnauliza watu wanamtafutaje mnyama aliyekwisha, na Musa anataka kujua kama kamera za huku, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, zaweza kumtafutia chui msitu wa Kakamega. Najibu yote pamoja.

Mnyama wenyewe anaitwa thailasini: umbo la mbwa, mkia mgumu, milia mgongoni, na mfuko wa kubebea watoto kama kangaruu. Wafugaji walimlaumu kwa kula kondoo. Kati ya 1888 na 1909 serikali ililipa pauni 1 kwa kila mkubwa aliyeuawa, na malipo yakapita 2,000. Wa mwisho anayejulikana alifia kwenye bustani ya wanyama hapa Hobart tarehe 7 Septemba 1936, siku 59 tu baada ya kulindwa kisheria. Mimi naamini ameisha. Lakini 1982 askari wa wanyamapori, Hans Naarding, alimmulika mmoja usiku wa mvua akahesabu milia 12. Mvua ilifuta nyayo, na msako uliofuata haukupata kitu. Ndiyo maana siku hizi neno la mtu halitoshi, hata awe mtaalamu.

Sasa Musa, mdogo wangu, sikiliza. Kamera ifunge mtini, sentimita 40 hadi 50 kutoka chini, mita 3 hadi 5 kutoka njia ya wanyama. Ielekeze njia kwa mshazari. Ukiikingamisha, mnyama anayekimbia atakuachia mkia tu. Kamera hushtuliwa na joto linalosogea, hivyo hata jani lililopata jua likipepea litapigwa picha. Fyeka mbele yake, la sivyo kadi itajaa majani. Huko kwetu karibu na ikweta, elekeza lenzi kaskazini au kusini, jua la asubuhi na jioni lisiingie. Weka picha 3 kwa mfululizo, na urekebishe tarehe na saa kabla ya kuondoka. Futa ule mpira wa mlango wa kamera unaozuia maji: chembe moja ya mchanga yatosha kupitisha maji, na sisimizi nao hupenda kuhamia humo.

Kazi kubwa inaanza ukishapata picha. Madoa peke yake si chui. Kanu, mdogo kama paka, ana madoa, ngawa pia, mondo pia, na picha isiyo na kipimo humkuza kila mmoja. Usiiguse kamera, mtu asimamishe fimbo yenye alama za sentimita pale pale alipopita mnyama, ipigwe picha. Kanu hafiki 25 begani, chui huvuka 50. Kwenye nyayo tafuta makucha: chui huyaficha, mbwa na fisi huyaacha chapa. Kinyesi kiokote kwa kijiti safi, ukiweke ndani ya bahasha ya karatasi. Kwenye plastiki kitaota ukungu na vinasaba viharibike.

Kibali kwanza, tafadhali. Upande wa Isecheno msituni muone KFS, shirika la misitu, Buyangu ni KWS, shirika la wanyamapori. Na ukipata picha, usinitumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kupoteza maelezo ya saa. Nitumie faili yenyewe kwa barua pepe, na kadi uihifadhi bila kufuta chochote.

Mwanenu