Barua ya wazi kwa kiongozi wa chama chetu: Huyo mgombea mwenza amewahi kufanya kazi gani?

Mheshimiwa Kiongozi wa Chama,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Mimi ni fundi seremala, mwanachama wa chama hiki tangu mwaka 2007 na mjumbe wa wodi yetu. Barua zangu zote nimekuwa nikizipeleka ofisi ya tawi. Zinapokelewa, zinagongwa mhuri, kisha kimya. Hii naiweka hadharani, kila mtu aisome.

Jumamosi iliyopita ulikutana nasi wajumbe ukumbini. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alisimama akakuuliza mgombea mwenza wako wa 2027 utamchagua kwa kigezo gani. Ulimjibu kwamba utaangalia nani analeta kura, na kwamba kazi atajifunza akishaingia. Ukumbi ukapiga makofi. Niliinua mkono, nikakaa nao juu mpaka bega likauma. Kipaza sauti kikapelekwa kwa vijana wa nyimbo.

Mheshimiwa, mwaka 2022 ulisimama kwenye uwanja wetu wa mpira ukaahidi kwamba chama hakitampa mtu tiketi kabla ya kutuonyesha kazi aliyoifanya. Nakumbuka vizuri kwa sababu viti vya jukwaa lile nilivibeba mimi na wanangu wawili. Ahadi ile imefia wapi?

Ibara ya 148 ya Katiba ya Kenya inamtaka kila mgombea urais ateue mgombea mwenza, yaani wa unaibu rais, aliye na sifa za kugombea urais yeye mwenyewe. Hilo halikuandikwa bure. Ibara ya 146 inasema kiti cha Rais kikibaki wazi, Naibu Rais anakikalia kwa muda wote uliosalia. Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Katiba ya wakati ule ilimpa makamu siku 90 tu za kushikilia, uchaguzi ufanyike. Na makamu huyo, Moi, alikuwa na miaka kumi na moja katika umakamu, tangu 1967. Siku hizi zile siku 90 hazipo. Mtu anaweza kuapishwa leo akatutawala miaka minne bila mwananchi hata mmoja kurudi kwenye debe.

Tazama majirani zetu Tanzania. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021, na tarehe 19 Samia Suluhu Hassan akala kiapo. Alikuwa Makamu wa Rais tangu 2015. Kabla ya hapo alikuwa waziri Zanzibar, kisha waziri wa mambo ya Muungano, na mwaka 2014 Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Siandiki haya kumsifu yeye wala Moi. Waliyoyafanya baada ya kupata madaraka kamili yana mjadala wake, na mwingine ni mchungu. Nasema tu kwamba saa ya msiba ilipofika, aliyeitwa alikuwa anajua faili ziko wapi.

Au nikupeleke Nyeri, maana sheria ya magavana ni ile ile. Februari 2017 Gavana Nderitu Gachagua alifariki, naibu wake Samuel Wamathai akashika. Agosti wakamchagua Wahome Gakuru. Tarehe 7 Novemba mwaka huo huo Gakuru akafa katika ajali ya barabarani, na naibu wake Mutahi Kahiga akawa gavana. Kaunti moja, mwaka mmoja, manaibu wawili! Miaka miwili baadaye Bomet wakampoteza Joyce Laboso, Hillary Barchok akachukua nafasi. Nani aliyekuwa akiwatazama hawa manaibu siku za kampeni? Sisi tulikuwa tunatazama picha kubwa kwenye bango. Ile ndogo ya pembeni hatukujali.

Na usisahau kwamba naibu hafutwi kazi kwa barua kama makamu wa zamani. Oktoba 2024 tuliona inavyokuwa. Bunge la Taifa lilimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua kwa kura 281 tarehe 8, Seneti ikafuata tarehe 17, kesi zikajaa mahakamani, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba. Nchi nzima ilisimamisha shughuli zake kusikiliza redio. Hapo naomba nieleweke: Gachagua hakuwa mgeni serikalini, aliwahi kuwa ofisa tarafa na alikuwa mbunge. Kwa hiyo sihesabu miaka peke yake. Uzoefu ninaouulizia mimi ni wa namna mbili. Je, mtu huyu amewahi kuwa wa pili kwa mtu mwingine, akatii, akapinga ndani ya chumba na akanyamaza nje? Na je, amewahi kushika fedha za watu, wakaguzi wakaja, akatoka salama?

Sasa nikueleze kwa nini nimepandwa na hasira kiasi hiki.

Kwenye kaunti yetu gavana na naibu wake hawasalimiani. Unalijua hilo, wote wawili ni watu wa chama, na tiketi uliwapa wewe. Naibu alichaguliwa kwa sababu ya ukoo wake na magari aliyoyatoa wakati wa kampeni. Hakuwahi kusimamia hata shule. Alipoingia hakujua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi, akaanza kuamrisha wakuu wa idara, gavana naye akawahamisha waliomsikiliza.

Mimi katikati yao nilikuwa na tenda ya viti vya chekechea. Viti 120 na meza 30. Nilikopa shilingi 150,000 kwenye sacco nikanunua mbao. Vile viti ni vidogo, Mheshimiwa, vinafika gotini, na kila ukingo nilipiga msasa mara mbili ili mtoto asichomwe na kibanzi. Nikavipeleka, mwalimu akatia sahihi, watoto wakakalia siku ile ile. Ni miaka miwili na miezi minne sasa. Yule ofisa aliyekuwa na hati zangu alihamishwa, wa sasa anasema faili haioni, na karani ananiambia hao walikuwa watu wa naibu, nivumilie. Sina karatasi ya kuthibitisha kwamba ugomvi wao ndio umezika malipo yangu. Lakini sioni sababu nyingine, na mafundi wenzangu wawili wamo humo humo. Randa yangu ya umeme nimeiuza. Binti yangu amerudi nyumbani kutoka chuoni muhula huu. Sacco wanampigia simu mke wangu, si mimi tena.

Karakana kwangu, kijana akija kujifunza namwanzisha na msasa. Halafu randa ya mkono. Msumeno wa umeme haugusi mpaka mwaka upite, hata kama baba yake ndiye mteja wangu mkubwa kuliko wote, kwa sababu vidole vikikatika havioti tena. Wewe unataka kumpa mtu msumeno wa nchi nzima ajifunze akiwa ndani?

Mheshimiwa, najua kura zinahitajika. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027 na hesabu za maeneo lazima zipigwe, mimi si mtoto. Kalete mtu wa kura, kutoka kona yoyote unayotaka ya Kenya hii, lakini kabla hujamtangaza tuambie aliwahi kusimamia nini, alikuwa chini ya nani, na wakaguzi waliandika nini. Hata muungano wa Azimio mwaka 2022 waliunda jopo wakawahoji waliotaka kuwa wenza wa Raila, ndipo Martha Karua akatajwa. Sisi tutashindwa? Sitaki jopo la watu wakubwa. Nataka ukurasa mmoja tu wa karatasi, usomwe mbele ya wajumbe: amefanya kazi gani. Na manaibu wa magavana vivyo hivyo. Amefanya kazi gani, Mheshimiwa. Ni hilo tu.

Siku ya mkutano wa uteuzi nitakaa safu ya mbele kabisa. Nitainua mkono tena. Safari hii naomba kipaza sauti kifike kwangu.

Wako katika chama,
Fundi seremala, mjumbe wa wodi